Mshindi Anunue Muda

Pote duniani penye bahati nasibu pana swali ambalo watu hulipenda kuliko mchezo wenyewe: ukitusua, utanunua nini? Wengi hutaja nyumba, gari, shamba, ada za watoto. Wapenzi wa mvinyo wana jibu lao, na hulitoa bila kusita, chupa kwa jina: Romanée-Conti ya Burgundy, Pétrus ya Bordeaux, Château d'Yquem yenye rangi ya asali. Leo nataka tuitazame ndoto hiyo kwa makini, tena tuitazame tukiwa Kihesa, hapa Iringa, kando ya barabara inayotoka mjini kuelekea Nduli, ikateremka hadi bwawa la Mtera na kuendelea mpaka Dodoma. Nimepachagua Kihesa kwa sababu. Nyuma yake, kwenye vilima vya Kilolo na Mufindi, kuna mianzi inayotoa ulanzi. Mbele yake, kiasi cha kilomita 260 kwa barabara hiyohiyo, kuna mashamba ya zabibu. Anayeota chupa ya Ufaransa akiwa Kihesa anaiota akiwa amekaa kati ya vinywaji viwili ambavyo nchi nyingi hazina hata kimoja. Simlaumu. Ndani ya ndoto yake mna jambo la kweli, ila macho yake yametua pembeni ya kitu chenyewe. Kinachouzwa kwa bei kubwa ndani ya chupa ile ni muda, yaani miaka ambayo mtu fulani alimudu kungoja bila kuuza. Muda huo ndio tunaoukosa huku kwetu, na ndio mshindi angepaswa kuununua kwanza.

Tuanze na fedha za ushindi. Michezo hii nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2017 zilikuja Biko na Tatu Mzuka zikauingiza mchezo ndani ya simu, mtu akawa anacheza kwa buku, yaani shilingi elfu moja, huku akisubiri chenji sokoni. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ikarejea chini ya kampuni ya ITHUBA, yenye asili ya Afrika Kusini. Juu ya hayo kuna mikeka ya kubashiri mpira, ambayo vijana huipanga Jumamosi asubuhi na kuiona ikichanika kabla ya usiku wa manane. Utajiri wa ghafla upo kweli: mwaka 2017 nchini Kenya mchezaji mmoja alizoa zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya kwa kubashiri matokeo ya mechi. Lakini tuupime uwezekano wake. Katika mchezo wa kuchagua namba sita kati ya 49, kuna mipangilio 13,983,816, na unaoshinda ni mmoja. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,192,728 katika mkoa mzima wa Iringa. Chukua basi mikoa kumi na mmoja yenye watu kama wa Iringa, mpe kila mtu, hata mtoto wa mgongoni, tiketi moja yenye namba zisizofanana na za mwenzake, na bado hutakuwa na uhakika kwamba mshindi yumo.

Sasa chupa. Oktoba 2018, mjini New York, mnada wa Sotheby's uliuza chupa moja ya Romanée-Conti ya mwaka 1945 kwa dola 558,000. Kwa viwango vya wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 1.2. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida, kwa hiyo kila glasi ilisimama kwenye zaidi ya shilingi milioni 240. Shamba lililotoa mvinyo huo ni hekta 1.8 tu. Mwaka 1945 lilitoa chupa 600 hivi, kisha mizabibu ile ya kale ikang'olewa na shamba halikutoa mvinyo tena mpaka 1952. Aliyeinunua mwaka 2018 alinunua kitu kilichovunwa mwaka vita vikuu vya pili vilipokwisha, kikakaa miaka 73 gizani, kikilindwa na watu waliojua kwamba huenda wao wasikionje kamwe.

Je, bei ile ni ya ladha? Ushahidi unasema ladha peke yake haitoshi kuieleza. Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaketisha waonjaji mashuhuri wa Kifaransa, akawamiminia mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa. Wa California uliongoza, kwa mweupe na kwa mwekundu pia. Mwaka 2008 wachunguzi walikusanya matokeo ya zaidi ya mionjo 6,000 ya aina hiyo, watu wakionja bila kujua bei, na wakaona kwamba wanywaji wasio na mafunzo hawaupendi mvinyo ghali kuliko wa bei nafuu. Kuna pia kesi ya Rudy Kurniawan. Huyu aliwauzia matajiri wa Marekani chupa za majina makubwa zilizojaa mchanganyiko alioutengeneza mwenyewe nyumbani kwake, akibandika lebo za bandia. Mwaka 2014 mahakama ya New York ilimpa kifungo cha miaka kumi. Wanunuzi wake walikuwa na fedha, na wengine walikuwa na uzoefu wa miaka mingi, lakini midomo yao haikuwaambia kitu. Waliogundua udanganyifu walisoma tarehe: chupa zilidai miaka ya mavuno ambayo mvinyo huo haukuwahi kutengenezwa.

Hapo wengi huhitimisha haraka kwamba mvinyo ghali ni jina tu, na kwamba matajiri wanadanganyana. Siungani nao. Kurniawan hakughushi ladha peke yake, alighushi umri, na watu hughushi kile chenye thamani. Miaka inafanya kazi halisi ndani ya chupa. Mvinyo mwekundu mchanga una ukakasi unaoshika ulimi na fizi, kama chai iliyochemka kupita kiasi. Miaka ikipita gizani, mahali pa baridi isiyobadilika, ukakasi ule hulainika, harufu ya tunda bichi huondoka na kuacha harufu za majani makavu, tumbaku, ngozi, udongo baada ya mvua. Kwa hiyo nchi zenye ujuzi wa mvinyo zimeuwekea muda kanuni. Kule Rioja, Hispania, mvinyo mwekundu hauruhusiwi kuandikwa Gran Reserva mpaka umetimiza angalau miaka mitano ya kukaa. Bordeaux nako wafanyabiashara hulipia mvinyo miezi michache baada ya mavuno, ungali pipani, wakaupokea takriban miaka miwili baadaye. Fedha hizo humfanya mwenye shamba alipe vibarua wake, anunue mapipa na angoje bila njaa. Mwaka 2012 Château Latour walijitoa kwenye utaratibu huo, wakasema watauza mvinyo wao wenyewe pale watakapoona umefika. Waliweza kwa sababu walikuwa na mtaji wa kutosha kukaa na mali bila kuiuza. Nyuma ya kila chupa ya kale yuko mtu aliyelipia kungoja.

Rudi nasi sasa nyumbani kwetu, tuanze na ulanzi, maana ndio unaoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko kitabu chochote. Mvua zikishika kati ya Novemba na Desemba, mianzi huchipua. Mgemi huja alfajiri na kisu chembamba chenye makali, anakata ncha ya chipukizi, analiinamisha kidogo na kulifungia mbeta, yaani kopo la mwanzi wenyewe, mdomo wake ukiwa chini ya mkato. Utomvu hudondoka tone kwa tone. Jioni anarudi, anamimina, anapunguza tena ncha kwa unene wa ukucha ili jeraha lisikauke, anafunga mbeta na kwenda zake. Kinachotoka asubuhi ni kitamu na chepesi, hata mtoto hupewa; huo ndio mtogwa. Hakuna anayetia hamira, maana chachu imo hewani na imo ndani ya mbeta iliyotumika jana. Kufikia mchana povu linapanda. Kesho yake utamu umekwisha, ukali umeingia, na wenyewe wanauita mkangafu. Kilevi chake wakati huo hukaribia cha bia. Ukiuacha siku chache zaidi, unachachuka usinyweke.

Tazama basi anavyoishi muuza ulanzi. Madumu yanashuka kutoka Kilolo juu ya baiskeli, bodaboda na mabasi ya vijijini, na tangu dumu lilipojazwa saa inahesabu dhidi ya mwenye mali. Mchana bei yake ni moja, kesho jioni ni nyingine. Mnunuzi anajua kwamba muuzaji hawezi kurudi na dumu nyumbani, kwa hiyo mnunuzi ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ndivyo ilivyo kwa kila mali isiyongoja: nyanya za Ilula, maziwa ya Njombe, samaki wa Mtera kabla hawajakaushwa. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi ulanzi utiwe chupani ukae miaka kumi. Ubora wa ulanzi ni uchanga wake, na kuuzeesha ni kuuharibu. Mtu mwenye fedha akitaka kuuheshimu afanye jambo jingine: alipie mianzi ipumzike. Chipukizi lililogemwa halikui kuwa mwanzi mzima, na mgemi anayegema kila chipukizi la shina moja, mwaka baada ya mwaka, analimaliza shina. Anajua hivyo. Anagema yote kwa sababu mvua za mwaka huu ndizo zenye ada ya mtoto ya mwaka huu. Kuacha nusu ya machipukizi yakue ni kungoja, na kungoja kuna gharama ambayo mtu maskini hawezi kuibeba peke yake.

Zabibu za Dodoma zina hali hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, na hapa ndipo ndoto ya mshindi ingepata kazi ya maana. Mzabibu uliletwa huko na wamisionari Wakatoliki, na jina la Bihawana bado linatajwa kila asili yake inaposimuliwa. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuza aina zake na kuzichunguza. Kuna ile nyekundu inayobeba jina la Makutupora, kuna Chenin Blanc, Syrah, na zile za Kiitaliano, Teroldego na Aglianico, hii ya mwisho ikiwa na ukakasi wa kutosha kuvumilia miaka. Kwa sababu ya jua la kule na ukavu wake, mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati Ulaya huvuna mara moja. Watu husema hiyo ni baraka, na ni kweli, lakini ni haraka pia. Zabibu ikishaiva haimsubiri mtu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ambaye mnunuzi hakutokea anaangalia vichala vikinywea juani. Wengine hukamua na kuuhifadhi mchuzi wa zabibu, kama wanavyouita wenyewe, wakitumaini kiwanda kitauchukua baadaye. Matangi yakijaa, msimu wa pili unakaribia. Kiwanda nacho kinahitaji fedha ya kununua mavuno yajayo, kwa hiyo kinauza mvinyo ungali mchanga. Kila mmoja kwenye mnyororo huo anauza mapema, naye anauza mapema kwa sababu aliye mbele yake pia anaharakishwa. Serikali imejaribu kusaidia kwa upande wa kodi: bajeti ya 2017/18 iliuweka ushuru wa mvinyo unaotokana na zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 kwenye shilingi 200 kwa lita, huku ule unaotegemea zabibu za nje ukitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Ni hatua nzuri. Imeifanya chupa iwe nafuu, ila haijampa mtu yeyote sababu wala uwezo wa kuiweka.

Ndiyo maana nasema mshindi anunue muda. Aende Dodoma baada ya mavuno, anunue mvinyo mwekundu wa zabibu ngumu, anunue mwingi, aulipie taslimu, na asiunywe. Autafutie ghala. Mvinyo hupenda kukaa kwenye nyuzi joto kama 13, na huharibiwa pia na joto la kupanda na kushuka. Dodoma ipo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini kama 1,550, Njombe karibu 2,000. Ardhini, mita chache chini, joto hutulia karibu na wastani wa mwaka, usiku na mchana, Juni na Novemba. Handaki la Kihesa litakuwa na nafuu kubwa kuliko bati la Dodoma, na handaki la Mufindi au Njombe litakaribia zaidi kinachotakiwa. Baridi tunayoilalamikia kila Julai ni mali katika biashara hii. Nao utaratibu wa kisheria upo tayari. Tangu sheria ya 2005 tuna stakabadhi za ghala. Mkulima wa korosho huweka mali ghalani, akapewa karatasi inayotambulika. Zabibu haiwezi kukaa ghalani, lakini mvinyo unaweza, kuliko hata korosho. Mwenye chupa elfu kumi zenye tarehe, zilizowekwa mahali palipokaguliwa, ana kitu ambacho benki ingeweza kukikubali kama dhamana ya mkopo.

Mjuzi wa mvinyo ataniambia: nchi ya joto haitoi mvinyo wa kuzeeka, unajisumbua bure. Hoja hiyo ina uzito kwa mvinyo mwingi mwepesi, nao ndio unaouzwa zaidi hapa, ule mtamu wa kunywa mwaka huohuo. Lakini historia inaikataa kama kanuni ya jumla. Kisiwa cha Madeira ni cha Wareno, hao waliotuachia neno mvinyo. Zamani mapipa yao yalipakiwa merikebuni, yakapita kwenye bahari za joto, na yalipofunguliwa mwisho wa safari mvinyo ulikuwa bora kuliko ulipoondoka. Wakajifunza kuupasha joto makusudi, na chupa za Madeira za karne ya 19 zinanyweka hadi leo. Chini zaidi, karibu na Cape Town, kuna Constantia, shamba lililoanzishwa na Simon van der Stel mwaka 1685. Mvinyo wake mtamu uliagizwa na nyumba za kifalme za Ulaya, na Napoleon alipokuwa kifungoni kisiwa cha Saint Helena aliletewa huo. Uliwahi kuwapo wakati, basi, ambapo tajiri wa Ulaya aliyeota chupa aliota chupa ya Afrika. Sijui kama Syrah ya Hombolo ya miaka kumi na mitano ingekuwa nzuri. Njia ya kujua ni moja, kuiweka, na hilo linahitaji mtu asiyehitaji kuiuza kesho.

Mwingine atasema: mwache mtu afurahi, fedha ni zake, kwa nini umpangie? Swali la haki. Mwaka 1978 wachunguzi wa Marekani waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakaona hawakuwa na furaha kuwazidi majirani zao kwa kiasi cha kutajika, na kwamba mambo madogo ya kila siku, kama kuongea na rafiki au kula kifungua kinywa, yaliwapa raha pungufu. Uchunguzi huo umetumika sana kuwatisha watu. Lakini watu 22 ni wachache mno. Uchunguzi mkubwa wa Sweden uliochapishwa 2020 uliwafuata washindi wa fedha nyingi miaka kadhaa baada ya ushindi, wakaonekana wameridhika na maisha kuliko wasioshinda, na kuridhika huko kumedumu. Wengi wao hawakuzifuja fedha, walizitumia taratibu, mwaka hadi mwaka. Mimi nauamini zaidi huu wa pili. Nao unanisaidia: raha iliyodumu kwa watu wale ilitokana na fedha zilizowekwa zikakaa. Glasi ya milioni 240 inakwisha kabla ya taarifa ya habari. Anayeinunua sina la kumfanya, ila nadhani ameuziwa mwisho wa kungoja kwa mtu mwingine, akiwa na uwezo wa kuanzisha kungoja kwake mwenyewe.

Kuna wasikilizaji ambao dini yao inawakataza kileo, na wengine wameona vilabuni ulanzi ukiwaweka wanaume chini tangu saa nne asubuhi wakati mahindi yanadai palizi. Hao nawasikia, wala sitawaambia wajaribu. Hoja ya muda haitegemei kileo. Zabibu kavu nayo ni muda uliowekwa, vivyo hivyo jibini, vivyo hivyo mbao. Na kwa mbao watu wa nyanda hizi hawana haja ya kufundishwa na Mfaransa. Toka Sao Hill, msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini, hadi vijiji vya Njombe, mtu hupanda paina leo akijua ataivuna mtoto wake atakapokuwa chuoni, miaka kumi na minane, ishirini, au zaidi. Walimu na manesi hununua ekari za miti kama wengine wanavyonunua bima. Nani alisema hatuwezi kungoja? Tunaweza, na hata hapo utaona kidonda kilekile: mtoto akiugua, ada ikidaiwa, mwenye miti huiuza ikiwa na miaka minane, kwa bei ya kuni, kwa mnunuzi ambaye yeye ana uwezo wa kuiacha ikue. Faida yote ya miaka iliyobaki inahamia kwa aliyengoja.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote, nalo linatokana na hesabu niliyoitoa mwenyewe. Ikiwa nafasi ya kushinda ni moja katika karibu milioni 14, kwa nini tupoteze kipindi kizima juu ya mshindi asiyekuwapo? Kwa sababu anayecheza yupo, na ni wengi. Buku moja kwa siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka. Watu ishirini wa mtaa mmoja wa Kihesa, wanaocheza buku kila siku, kwa pamoja wanatoa 7,300,000 kila mwaka kununua nafasi ya kupata fedha bila kungoja. Fedha hiyohiyo ikikaa kwenye VICOBA, yaani chama cha kuweka na kukopa, cha watu ishirini inatosha kununua shehena ya mvinyo wa Dodoma na kuilaza, au kumlipa mgemi wa Kilolo aache nusu ya mianzi yake, au kumkopesha jirani ada ili asikate paina yenye miaka minane. Baada ya miaka mitano watakuwa na zaidi ya milioni 36 zikiwa zimelala ndani ya vitu vinavyopanda thamani vikikaa. Sidai ni rahisi. Buku ya mkeka ina raha yake ya papo hapo, ile saa moja ya kuamini. Chama cha watu ishirini kina ugomvi wake, kina mweka hazina wake, kina mwenzetu anayetaka fungu lake mwezi wa tatu. Hata hivyo ni njia ya kununua muda isiyohitaji namba sita kati ya 49.

Nawe unayeshika tiketi jioni hii, ukibahatika, na moyo wako umelala kwenye mvinyo, usiangalie ndege ya Paris. Barabara ya Dodoma inapita hapohapo Kihesa, na ni lami mpaka mwisho. Mavuno ya pili ya zabibu huanza Agosti. Fika mapema, lipa taslimu, na kabla hujalipa muulize mwenye pipa mvinyo huu umevunwa mwaka gani, kisha andika mwaka huo kwa mkono wako.